Wawili Kwangu, Wawili kwa Mama Lotsove

Jumamosi jioni. Rwambuzi, Bunia.

Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika ghafla, halafu jua likatoka kali mpaka matope ya uani yakaanza kupasuka. Nimechoka, lakini ni ule uchovu mzuri. Mikono yangu inanuka sabuni na mbwa. Nimeinawa na kuinawa, harufu imekataa kutoka, na nikisema ukweli haijanichukiza.

Wanaopita hapa kunisoma wamezoea habari za cherehani, blauzi zilizobana na wateja wanaotaka gauni la harusi siku mbili kabla ya harusi. Leo sina habari hizo. Leo ni mbwa.

Bijou ni mbwa wetu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, la pili limelala kama limekata tamaa. Tulipewa na jirani yetu, Mama Lotsove, mwaka ule tulipohamia hapa kutoka Butembo. Hatukumjua mtu. Siku ya tatu yule mama akatokea mlangoni, kijibwa kikiwa ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akaniambia, "Shika huyu. Atakuonyesha watu."

Na ni kweli alinionyesha. Nilimfuata Bijou barabarani mara ngapi, akaniingiza kwenye nyumba za watu, nikaomba radhi, nikakaribishwa kuketi. Hivyo ndivyo nilivyopata wateja wangu wa kwanza.

Mama Lotsove ni mjane. Alizaliwa hapa, ndugu zake wako upande wa Nizi, na binti yake wa pekee, Lotsove, ameolewa Kisangani. Watu wote wa mtaa huniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu. Yeye aliniita Masika, jina langu lenyewe, kama mama yangu anavyoniita. Ua wa matete unaotenganisha nyumba zetu ulikuwa na tundu, na kwa lile tundu tulipitishiana chumvi, moto, mboga ya sombe, na habari za kila aina.

Halafu ukaja mfereji.

Mume wangu, Muhindo, anaendesha lori la mbao kwenye barabara ya Mambasa. Mwanzoni mwa mvua alikuja kupumzika, akaona maji yametuama uani, akachimba mfereji wa kuyatoa. Kazi nzuri. Tatizo ni kwamba hakuangalia mfereji unaishia wapi. Uliishia jikoni kwa Mama Lotsove.

Alikuja amekasirika, wateja wawili wa korali ya kanisa wakiwa mbele yangu wanajaribu blauzi. Alisema, "Masika, umeniletea muto ndani ya jikoni!" Angenikuta peke yangu ningekimbia na fagio kumsaidia. Lakini wale mama walikuwa wananiangalia, na mimi nikajibu kwamba mvua haikutoka kwangu, ilitoka juu. Mmoja wa wale mama akacheka.

Kesho yake tundu la ua lilikuwa limezibwa kwa bati.

Tangu siku ile tulinuniana. Tukikutana barabarani, yeye alikuwa na jambo la kuangalia upande wa kulia, mimi upande wa kushoto. Na tuliposalimiana mbele ya watu kanisani, aliniita Mama Neema.

Mtu pekee ambaye hakuambiwa habari ya ugomvi ni Bijou. Alikuta bati, akalinusa, akazunguka kwa barabarani na kuingia kwa Mama Lotsove kupitia mlango wa mbele kama mgeni wa heshima. Alikula kwangu, akaenda kulala kule. Na siku zake zilipofika, akaenda kuzaa kule, ndani ya kibanda cha kuni.

Niandike ukweli: niliona wivu. Mimi ndiye niliyempa ugali uliochanganywa na samaki wadogo wa ndakala mpaka mbavu zake zikajificha. Mimi ndiye niliyempapasa tumbo. Halafu anaenda kuwazaa watoto kwa mtu ambaye hata hanisalimii! Nilisikia sauti zao nyembamba nyuma ya ua, nikawa nasimamisha cherehani ili nisikilize. Neema aliniomba aende kuwaona. Nilimkatalia. Sikumpa sababu, naye hakuniuliza.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Ikaja ile mvua kubwa, na maji yakaingia kibandani.

Nilikuwa barazani nashona. Bijou akatokea amelowa chepechepe, mdomoni amebeba kitu cheusi. Akakiweka chini ya cherehani yangu, juu ya rundo la vipande vinavyobaki nikikata nguo. Akakimbia tena. Akarudi na wa pili, rangi yake kahawia. Akaenda mara ya tatu, na mara hiyo akarudi mdomo mtupu. Alisimama katikati ya uwanja kwenye mvua, akaniangalia, akaangalia ule upande, akaniangalia tena.

Nilielewa baadaye. Mama Lotsove alikuwa amewahi kuwachukua wawili waliobaki, amewaingiza jikoni kwake, karibu na moto.

Nilingoja awalete. Naye, nadhani, alingoja niende kuwaomba. Hakuna aliyekwenda. Hivyo Bijou akawa mama wa nyumba mbili. Aliwanyonyesha wangu barazani, akazunguka barabarani kwenda kuwanyonyesha wale wa jikoni, akarudi kwangu, akaenda tena. Kutwa nzima, matope mpaka tumboni. Watu wa barabara walianza kumcheka.

Neema aliwapa wetu majina. Yule mweusi akawa Makala, yaani mkaa. Yule wa kahawia akawa Biskwi.

Sikujua kama mtu anaweza kupenda kitu kidogo namna ile kwa haraka hivyo. Makala alikuwa na unyayo mmoja mweupe, kama mtu aliyekanyaga unga. Alipenda kulala juu ya mguu wangu nikiwa nashona, na kila nilipokanyaga pedali alipanda na kushuka pamoja na mguu bila kuamka. Nilijifunza kushona taratibu.

Halafu wakaanza kujikuna.

Mwanzoni nilicheka, maana walikuwa hawajajua kujikuna vizuri. Waliinua mguu wa nyuma, wakakosa sikio, wakaanguka. Lakini nilipompindua Biskwi na kupuliza manyoya ya tumbo lake, niliwaona viroboto wakikimbia, wengi, wakijificha kwapani na mapajani. Nikachukua kitana cha meno membamba, nikapasha maji, nikawaosha, nikawachana. Nilifurahi. Nilijisifu kabisa.

Baada ya siku chache viroboto walirudi, tena wengi zaidi. Niliosha tena, wakarudi tena. Miguu ya Neema ikajaa vipele. Na matumbo ya wale wadogo yakawa makubwa, duara kama mpira, mimi nikafurahi nikidhani ni maziwa. Lakini migongo yao ilikuwa mifupa tu. Siku moja niliona kwenye kinyesi cha Makala kitu kama nyuzi nyeupe. Zilikuwa zinatembea.

Makala aliacha kupanda juu ya mguu wangu. Alilala pale nilipomweka.

Mteja mmoja aliniambia niwapake petroli, viroboto wote wafe kwa mara moja. Nilichukua chupa. Nilifungua kizibo, nikamnyanyua Makala, na ngozi ya tumbo lake ilikuwa nyembamba mno, niliona mishipa yake. Nikafunga chupa. Nilimtia pamoja na Biskwi ndani ya kikapu, nikapanda pikipiki, nikaenda kwa daktari wa mifugo karibu na soko.

Ni mwanamke kijana, anaongea haraka na anacheka na wanyama zaidi kuliko na watu. Alimfungua Makala mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaniita nione.

"Unaona hii ufizi? Iko nyeupe. Ilipashwa kuwa nyekundu-nyekundu. Viroboto banamukunywa damu. Na hii tumbo si ya kushiba, mama. Ni minyoo. Alipata ndani ya maziwa ya mama yake."

Nilimwambia ninawaosha kila mara, kwamba kitana changu hakipumziki.

"Iko ngapi yote?" akaniuliza.

"Ine. Mbili iko kwa jirani."

"Na zinanyonya mama moja?"

"Moja."

Aliweka Makala chini, akanigeukia vizuri.

"Basi unasafisha nusu. Mama yabo anatoka kwako, analala kule, anakurudishia ingine. Na mayai ya viroboto haiko juu ya mbwa tu, iko ndani ya bitambaa na ndani ya vumbi. Lazima mufanye siku moja, pande zote mbili. Kama hapana, utakuwa hapa kila wiki, na huyu mweusi hatangoja."

Aliwapima uzito, akawapa dawa ya minyoo ya maji kwa bomba dogo lisilo na sindano. Alinikataza petroli, na alinikataza pia dawa ya kupe ya ng'ombe, maana wengine huichukua na kuwaua watoto wa mbwa wakidhani wanawasaidia. Alisema Neema naye apewe dawa ya minyoo, na asiwashike wadogo bila kunawa mikono baadaye. Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Kesho uniletee zile mbili na mama yabo. Zote."

"Sawa, docta," nikasema.

Sikuwapeleka.

Kesho yake nilikaa kwenye cherehani. Nilijiambia nina gauni la kumaliza. Nilijiambia nitaenda kwa Mama Lotsove mchana, halafu jioni. Nilimsikia mdogo mmoja wa upande wa pili akilia, sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ile ya kudai maziwa. Nilisimamisha cherehani, nikasikiliza. Halafu nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, ili nisisikie.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kuanika nguo, na juu ya ua nikamwona Mama Lotsove ameinama pembeni ya viazi vitamu vyake, jembe mkononi. Alikuwa peke yake. Kando yake chini palikuwa na kifurushi kidogo, kitenge cha bluu chenye picha za ndege. Nilikijua kile kitambaa. Kilikuwa kipande kilichobaki kwenye gauni nililomshonea mwenyewe kwa sherehe ya mahari ya Lotsove. Alikuwa amekitunza miaka yote hii.

Sikuvaa hata viatu. Nilizunguka barabarani, njia ya Bijou.

"Hodi, mama."

Hakuinua kichwa. "Karibu. Ni mutoto mumoja wa Bijou."

"Nimeona. Pole, mama."

"Ni mbwa tu," akasema. Halafu akajifuta uso kwa mkono uliokuwa na udongo, na udongo ukabaki shavuni.

Nilichukua jembe kutoka mkononi mwake. Aliniachia. Nikamaliza kuchimba, yeye akapiga magoti na kumweka, nikarudisha udongo taratibu. Alimwita Mudogo, aliniambia, kwa sababu ndiye aliyezaliwa wa mwisho. Tulibaki tumesimama. Kuku wake walikuja kuangalia kama kuna wadudu kwenye udongo ule mpya, akawafukuza kwa sauti ya ukali ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilikuwa namutoa viroboto na vidole," akasema. "Asubuhi natoa, magaribi natoa, natia ndani ya kikombe ya maji na sabuni. Kesho yake biko bingi kuliko jana."

"Hata kwangu," nikasema.

Hapo ndipo aliponiangalia. "Hata kwako biko?"

"Biko, mama. Miguu ya Neema imejaa bipele. Makala yuko karibu kufa."

Alikaa chini kwenye kizingiti cha jikoni. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo, na wakati huohuo mwenye huzuni zaidi.

"Mi nilifikiri ni kwangu tu. Nilisema, nikimwita Masika aone, atasema ni uchafu ya nyumba yangu."

Kumbe na mimi wiki zote hizo nilikuwa nikifikiri yeye atasema ni uchafu wa vitambaa vyangu. Wanawake wawili, kila mmoja upande wake wa matete, kila mmoja na kitana chake au vidole vyake, anaua viroboto kwa siri asije akachekwa na mwenzake.

Nilimwambia. Nilimwambia pia sehemu ile ngumu: kwamba daktari alikuwa ameniagiza niwalete wote, na mimi nilikaa siku nzima kwenye cherehani.

"Kwa nini haukukuja?"

"Nilisikia haya."

Nilidhani ataniambia nitoke. Sijui kama dawa ya siku ile ingemwokoa Mudogo. Daktari alisema baadaye kwamba labda Mudogo alikuwa tayari amezidiwa. "Labda" ni neno ambalo nitabaki nalo.

Mama Lotsove akasimama, akafunga kikwembe chake upya.

"Twende kwa uyo docta," akasema. "Tutagombana njiani."

Hatukugombana. Tulikwenda kwa miguu maana Bijou haelewani na pikipiki. Mimi nilibeba Makala na Biskwi ndani ya kikapu. Yeye alimbeba mtoto wake aliyebaki kifuani, ndani ya kikwembe, kichwa kimetoka nje kama cha mtoto wa mtu. Anamwita Chef, yaani mkubwa, kwa sababu tangu amezaliwa anawasukuma wengine na kuchukua nafasi ya mbele. Hata siku ile, mgonjwa kama alivyokuwa, Chef aliwangurumia wapita njia. Bijou alikuja nyuma kwa kamba, akisimama kila mara kunusa kikapu, halafu kikwembe, halafu anatafuta. Anaangalia nyuma. Tulijua anamtafuta nani. Mama Lotsove akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Twende, mama. Twende tu."

Daktari hakutulaumu. Alimpima Chef, akampa dawa. Akampa Bijou kidonge cha minyoo na matone ya kumwekea mgongoni dhidi ya viroboto, aina isiyodhuru mbwa anayenyonyesha. Akatueleza kazi ya nyumbani, na kwamba dawa ya minyoo itarudiwa baada ya wiki mbili, na tena, mpaka wawe wakubwa, hata kama watachangamka. Makala tusimloweshe maji, amedhoofika, baridi itammaliza. Tumchane tu karibu na moto.

Mchana ule hatukushona wala kulima.

Tulianza kwangu. Nilitoa rundo lote la vitambaa chini ya cherehani, vipande vya miaka, vingine nilikuwa nimevitunza kwa ajili ya mito, tukavichoma. Iliniuma kidogo. Tulifagia baraza mpaka kwenye pembe, tukamwaga maji ya moto kwenye nyufa. Halafu kwake: kibanda cha kuni tukakitoa kuni zote, tukaziweka juani, tukafagia, tukachoma majani makavu ambayo Bijou alizalia. Nguo zote walizolalia tukazichemsha ndani ya sufuria lake kubwa la sherehe. Aliniambia sufuria hilo halijachemsha kitu kisichokuwa nyama tangu alipolinunua, na kwamba nisithubutu kumwambia Lotsove.

Bijou na kidonge chake ni hadithi nyingine. Tulikificha ndani ya tonge la ugali. Akala ugali, akatema kidonge. Tulikificha tena, akatema tena, safi kabisa, akakiweka mbele ya miguu yangu kama zawadi. Mara ya tatu Mama Lotsove akamrushia ndakala tupu, akamrushia ya pili tupu, na ya tatu ikiwa na kidonge tumboni. Bijou akazimeza zote bila kutafuna. Mama Lotsove alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kinaanza kwa kukohoa.

Ndipo ikaja ile shida niliyokuwa nikiiogopa. Daktari alikuwa amesema wote walale mahali pamoja, ili tusianze tena kuhangaika pande mbili. Mahali gani?

"Wachukue wote," akasema Mama Lotsove, bila kuniangalia. "Weye uko na mutoto. Neema atalia."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Lakini nilimwangalia Makala, amelala kando ya mafiga ya Mama Lotsove, tumbo likipanda na kushuka polepole, mara ya kwanza kwa siku nyingi hatetemeki. Na nilifikiri habari ya jiko lile siku zote ambazo hakuna mtu ndani yake isipokuwa yeye.

"Kwako kuna moto kutwa," nikasema. "Kwangu ni baraza na upepo. Wakae hapa, siye tutakuja."

"Utakuja?"

"Tutakuja, mama."

Alienda kutafuta sanduku la mbao, akatandika ndani yake kitambaa kilichochemshwa na kukauka, akawaweka mmoja mmoja. Chef akachukua nafasi ya katikati. Bijou akaja, akanusa wa kwanza, akarudi nyuma, hakuijua harufu ya sabuni. Akanusa wa pili. Akaanza kuwalamba kwa bidii, kama anayetuambia tumeharibu kazi yake na sasa ni lazima aianze upya. Halafu akajilaza.

Neema alipotoka shule alilia kweli. Halafu akaenda kule, na mimi nikaenda kumchukua giza likiingia.

Muhindo alirudi jana kutoka Mambasa. Nilimweleza yote wakati anakula. Alipomaliza aliosha mikono, akachukua jembe, akaenda kuupindisha ule mfereji uelekee barabarani. Mama Lotsove akatoka akasimama anamwangalia anavyochimba, akamwonyesha kwa kidole kila mahali alipokosea. Bati limeondolewa uani. Nani ameliondoa, sikuuliza.

Na leo?

Leo tumewachana tena wote watatu, kila mmoja wetu ameshika kitana. Tumetoa viroboto wachache. Daktari alituonya kwamba kuna mayai ambayo bado yataanguliwa, tusikate tamaa tukiwaona wengine. Tumbo la Biskwi limeanza kupungua, na kinyesi chake cha jana sitakieleza hapa, labda kuna mtu anayesoma huku anakula. Chef ni Chef.

Makala tulimwacha wa mwisho, wote wawili tuliogopa kuangalia. Mama Lotsove alimshika, mimi nikainua mdomo wa juu. Tulimpeleka mlangoni penye mwanga. Mimi nilisema ufizi umebadilika, yeye akasema bado, akasema labda, akamgeuza upande mwingine, akasema, "Ngoja, Masika. Ngoja. Hapa kuna rangi kidogo."

Ilikuwa rangi kidogo kabisa. Kama maji uliyosuuzia kitambaa chekundu. Makala akachoka kushikwa, akamwuma kidole gumba kwa meno yake ambayo hata hayajatoka vizuri. Mama Lotsove akapiga kelele za furaha kiasi kwamba mtu wa nyumba ya nyuma akauliza kuna nini.

Nimekaa sasa barazani. Chini ya cherehani pako wazi, ni safi, mguu wangu hauna mtu. Sijui kama huu ni uchungu au ni kitu kingine kinachofanana nao. Nasikia Neema kule upande wa pili anamweleza Mama Lotsove jambo refu la shuleni, na Mama Lotsove anaitika kila mahali panapostahili kuitikiwa.

Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada tunachemsha nguo zao tena na kufagia pande zote mbili. Tumeshapatana: kuni ni zake, sabuni ni yangu.